Njia ya Kwenda Kwemkole

Hakuna aliyejua hasa barabara ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Mzee Mhina, aliyekuwa kibarua wa kuitengeneza enzi za Mwingereza, alikuwa akisema kwamba walimwaga changarawe msimu mzima kwa sababu ya Mzungu mmoja aliyetaka kufungua shamba la mkonge nyuma ya vilima vya Kwemkole. Mzungu akaja, akaitazama ardhi, akachota udongo mkononi, akautupa, akaondoka na hakuonekana tena. Barabara ikabaki. Malori ya Handeni yalipita kwingine, kwenye barabara kuu yenye mashimo na vumbi la kupofua, na hii ya Kwemkole ikaachiwa watembea kwa miguu, mbuzi, makundi ya kanga, na baada ya Uhuru, baiskeli ya Mdoe.

Mdoe alikuwa mtoto pekee wa mzee Mhina. Baiskeli aliipata baada ya kukata mkonge Korogwe mpaka viganja vikaota sugu. Siku aliyorudi nayo nyumbani, nyeusi, na kengele yake na keria pana nyuma, alipanda na kushuka vilima vile bila kukutana na gari hata moja. Kulia kwake mashamba ya mahindi, kushoto miyombo, na mbali kaskazini milima ya Usambara imelala kama moshi. Kila kilima kilimtupa kwenye bonde, na kila bonde lilimsukuma nusu ya kilima kinachofuata. Alifika akiwa anacheka peke yake. Mama yake, Mashavu, alimkimbilia akidhani amepatwa na wazimu.

Mashavu alifariki miaka michache baadaye, akazikwa nyuma ya nyumba, kando ya mkwaju mdogo. Ndipo macho ya mzee Mhina yakaanza kuingia ukungu. Wengine walisema ni machozi, wengine wakasema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni moshi wa jiko la mkwewe, Zamda, asiyejua kuchagua kuni. Mwisho yakapofuka kabisa. Tangu hapo kila Ijumaa Mdoe alimpakia kwenye keria kumpeleka msikitini Kwedizinga, na safari hizo ndizo zilizompa mzee uhai.

Hakuwa abiria mtulivu. Alimshika mwanawe kiunoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika kofia, na mdomo haukupumzika.

"Mbona unafunga breki? Hapa ni mteremko, acha iende."

"Kuna mbuzi, tate." Ndivyo Wazigua wanavyomwita baba.

"Mbuzi wana macho. Mimi ndiye sina."

Barabara aliijua kwa masikio na kwa makalio. Changarawe zikilia kwa ukali chini ya matairi, alijua wapo kwenye kilima cha kwanza. Zikinyamaza na baiskeli ikaanza kuyumba, alijua ni mchanga wa kijito. "Sasa tunaupita mti wa mkambala wa Athumani," angesema. Mdoe akimjibu kwamba wameshaupita, mzee alikasirika. "Umeupita wewe. Mimi bado." Na Mdoe angecheka mpaka baiskeli ikapoteza mwelekeo.

Kisha ikaja amri ya vijiji.

Watu wahamie pamoja, ilisemwa, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Mdoe hakuburuzwa. Aliamini. Alikuwa ameona ule mwaka wa ukame jinsi watu waliotawanyika maporini walivyokufa njaa wakati unga wa njano wa serikali umerundikwa barabarani hauna wa kuubeba. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikwenda nyumba hadi nyumba pale Kwemkole akizungumza na watu kwa upole, siyo kwa vitisho kama walivyofanya wengine. Wote walikubali, au walinyamaza, na siku hizo kunyamaza kulihesabiwa ni kukubali. Alibaki mmoja tu.

"Mashavu nimwache na nani?" aliuliza mzee Mhina.

"Tate, Kwamsege siyo Dar es Salaam. Ni hapo tu, mbele kidogo ya Kwedizinga."

"Kwa mwenye macho, ni hapo tu."

Mdoe akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. "Nitakuleta. Kila Ijumaa, tukishasali, nakupakia, tunakuja kumsalimia mama, tunarudi kabla ya jua kuzama."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Apa."

Mdoe akaapa. Mzee akaomba apelekwe nyuma ya nyumba, akakaa huko peke yake kitambo. Aliporudi aliwaruhusu waezue paa.

Na kweli, Mdoe alitimiza. Kiangazi kile chote na vuli iliyofuata, Ijumaa baada ya Ijumaa, walitoka Kwamsege na makelele yake, kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mstari kama mihogo shambani, wakasali Kwedizinga, kisha wakakunja kuingia kwenye barabara ya changarawe. Hapo mzee alinyoosha mgongo. Kimya kilikuwa kimezidi, maana majirani wote walikuwa wamehama. Palikuwa na sauti ya cheni, ya changarawe, na ya mzee akiimba nyimbo za vibarua wa zamani kwa sauti mbovu isiyojali. Walipofika Kwemkole, mzee alifagia kaburi kwa mkono, akipapasa, kisha akamsimulia Mashavu habari za wiki nzima. Nani kaoa, nani kagombana kwenye foleni ya maji, Zamda kaunguza nini. Mdoe alikaa mbali kidogo kwenye kivuli, akikaza spoku zilizolegea, na mara nyingine alisikia jina lake likitajwa na baba yake akicheka.

Hakujua kwamba hizo ndizo siku zake njema. Nani hujua?

Mkutano wa kijiji ulifanyika mwanzoni mwa mwaka, kwenye uwanja wa shule ambayo bado haikuwa na kuta. Katibu wa kijiji, Isaka, kijana kutoka milimani Bungu, mwenye sauti ya kuhubiri na moyo safi, alisimama kueleza shida. Kijiji kina sanduku la dawa lakini hakina chombo cha usafiri. Mgonjwa akizidiwa, habari zinapelekwa Handeni kwa miguu. Dawa zikifika Korogwe kwa treni, zinalala stesheni zikisubiri lori lenye nafasi.

"Tumeambiwa tujitegemee," Isaka alisema. "Sasa mimi nauliza, tujitegemee kwa miguu hii?"

Watu wakacheka. Halafu Mdoe aliona macho kadhaa yakigeuka kumtazama. Kijiji kizima baiskeli nzima ilikuwa moja, yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini yeye ndiye aliyewashawishi watu wa Kwemkole waache mashamba na makaburi yao, na kila mara alipopita na baiskeli mbele ya nyumba zao alihisi kama anakula huku wengine wanamtazama. Akajikuta amesimama.

"Baiskeli yangu," alisema, "kuanzia leo ni ya kijiji."

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, Isaka alishuka akamkumbatia, mtu fulani akaanzisha wimbo wa chama. Mdoe alipokea mikono ya watu huku akicheka. Katikati ya makofi yale alitupa jicho upande wa wazee. Baba yake alikuwa amekaa kwenye gogo na mikono juu ya fimbo. Hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kitu kinachokwenda mbali.

Zamda alingoja mpaka wamefika nyumbani.

"Ulimuuliza nani?"

"Ni baiskeli yangu, Zamda."

"Ni yako, sawa. Na Ijumaa ni ya nani?"

Mdoe alisimama mlangoni. Wallahi, hakuwa ameiwaza Ijumaa. Aliposimama pale uwanjani aliwaza wagonjwa, aliwaza dawa, aliwaza macho ya watu. "Nitaiazima siku hiyo," alisema. "Siwezi kunyimwa."

Ijumaa ya kwanza baiskeli ilikuwa Korogwe, imefuata dawa. Mzee alikuwa amevaa kanzu na kukaa kizingitini. Mdoe alimweleza. "Dawa ni jambo kubwa," mzee alisema, akaingia ndani kuvua kanzu. Ijumaa ya pili baiskeli ilikuwepo, imeegemezwa ukutani kwenye ofisi ya Isaka. Mdoe alikwenda mpaka karibu. Nje palikuwa na watu wakipiga soga, na mmoja wao akaita, "Huyo hapo mzalendo wetu!" Wakampa mkono mmoja mmoja. Angewaambiaje kwamba amekuja kuomba alichotoa? Angesema anakihitaji kwenda kutembelea kaburi, na wao makaburi yao wameyaacha? Alisimama nao kidogo, akaulizia mvua, akaondoka. Nyumbani akasema baiskeli haipo.

Ulikuwa uongo mdogo. Ijumaa iliyofuata ulikuwa rahisi zaidi.

Kulikuwa pia na mambo ya kumfariji. Mtoto wa Grasiana, jirani yao wa upande wa bomba, alishikwa na degedege, na Isaka akampakia mama na mwana wakawahi hospitali Handeni. Mtoto alipona. Grasiana alikuja na kuku, akapiga magoti mbele ya Mdoe, akalia. Mzee Mhina alikuwapo, akaomba amshike mtoto, akampapasa uso wote kwa vidole.

"Baiskeli imefanya kazi yake," alisema.

Hakuuliza tena habari za Ijumaa. Mdoe alijiambia kwamba mzee ameridhika. Mtu akitaka kuamini jambo, ushahidi haukosi.

Masika yalipita, yakawa mazuri. Siku moja, mahindi yakiwa yamekauka shambani, Zamda alimwambia mumewe kwamba mzee sasa anaongea peke yake mchana, na anayeongea naye ni Mashavu. "Anamwomba radhi," Zamda alisema. "Anamwambia, nivumilie, nitakuja." Mdoe aliweka jembe chini. Asubuhi ya Ijumaa alimwamsha baba yake.

"Leo tunakwenda, tate. Kwa miguu. Polepole, tukichoka tunakaa."

Uso wa mzee ulifunguka. Alijifunga kanzu kiunoni kama kijana anayekwenda kulima. Njiani kutoka Kwamsege hadi Kwedizinga alisema bila kukoma, akamlaumu Mdoe kwa kumshika mkono kwa nguvu, akauliza kila anayewasalimu ni mtoto wa nani. Walipokunja kuingia kwenye barabara ya Kwemkole, akanyamaza na kutega sikio.

Mdoe naye alinyamaza, kwa sababu nyingine. Tangu aitoe baiskeli hakuwa amefika huku. Njia hufunguliwa na miguu ya watu, na hapa miguu ilikuwa imekoma. Mvua nzuri za masika zilikuwa zimeotesha majani kutoka ukingo hadi ukingo, majani marefu, laini, yaliyolala kwa upepo. Barabara ilikuwapo, Mdoe aliiona vizuri jinsi ilivyopanda kilima, kama mshono kwenye nguo. Lakini chini ya nyayo haikutoa sauti.

Walikwenda mwendo mrefu. Mzee alianza kukanyaga kwa uzito, akisugua soli za makubadhi yake chini.

"Changarawe ziko wapi?"

"Ziko chini ya majani, tate."

"Majani? Barabara hii haikuwahi kuota majani."

"Hakuna wanaopita tena."

Mzee akasimama. "Kijito tumeshavuka?"

"Bado. Kiko mbele."

"Na mkambala wa Athumani?"

Mdoe akatazama. Mkambala ulikuwa umekatwa, labda kwa mkaa, labda kwa nguzo za nyumba za Kwamsege. "Umekatwa," alisema, na alipojisikia akilisema neno lile alijua limesikikaje.

Mzee alitoa mkono wake kwenye mkono wa mwanawe. Akachutama, akapapasa ardhi mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kila alipogusa alikuta majani. Mdoe naye akapiga magoti, akang'oa, akafukua kwa vidole mpaka akafikia changarawe zenyewe, akajaza kiganja cha baba yake. "Hizi hapa, tate. Zishike. Ni zile ulizomwaga wewe."

Mzee alizigeuzageuza. Kisha akaziacha zidondoke.

"Changarawe ziko kila mahali," alisema. "Hata Korogwe ziko. Unanipeleka wapi, Mdoe?"

"Kwemkole! Kwa mama!"

"Uliniambia ni hapo tu. Uliniambia kila Ijumaa. Uliniambia baiskeli haipo, na mimi nilisikia kengele yake ikipita nje ya nyumba." Hakuwa amepandisha sauti. "Mimi ni kipofu, mwanangu, siyo mtoto. Kama Kwemkole hakuna tena, niambie. Usinitembeze porini."

Mdoe aliapa. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi lile lile walilokuwa wakilifuata, na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo uso wa baba yake ulivyozidi kufungika. Alitaka kumbeba mgongoni, kilima baada ya kilima, amfikishe, amshikishe jiwe la kaburi kwa mkono wake. Alimwinamia. Mzee akamsukuma kwa fimbo, siyo kwa hasira, kama mtu anayemsogeza mbuzi mlangoni.

"Nirudishe," alisema. "Nimechoka."

Wakarudi. Njia nzima hakulaumu kitu, wala hakuuliza anayewasalimu ni mtoto wa nani.

Baada ya hapo aliishi hadi mwanzo wa vuli. Alikula alichopewa, alimwitikia Mdoe salamu, alicheka na mtoto wa Grasiana. Mdoe alijaribu mara moja kulirudia jambo lile. "Tate, ile ilikuwa ndiyo njia," alisema. "Sawa," mzee alijibu, "ndiyo njia." Alijibu kama mtu anavyomwitikia mgeni asitake ubishi. Homa ilipomshika haikukaa sana. Mvua ilikuwa imeanza, kijito kimejaa hakivukiki, na wazee wakashauri azikwe pale pale Kwamsege, kwenye makaburi mapya. Mdoe alikubali. Alishuka kaburini kumpokea baba yake, akamlaza, akatoka na matope mpaka magotini.

Isaka alikuja kuhani. Mkristo yule alikuwa amekaa nao matanga siku zote, akibeba maji na kupasua kuni. Watu walipopungua, alimsogelea Mdoe pale uani.

"Zamda amenieleza habari za Ijumaa," alisema. "Ndugu yangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba mzee anakwenda kaburini. Ijumaa mchana ile baiskeli mara nyingi hukaa tu. Ningekupa. Nani angekukatalia wewe?" Macho ya kijana yalikuwa mekundu. "Ungesema tu."

Mdoe alikuwa amejiandaa kumchukia mtu, na hakupata wa kumchukia.

Maji ya kijito yalipopungua, Isaka mwenyewe alimletea baiskeli, imeoshwa, akaiegemeza ukutani bila neno. Mdoe alipanda. Keria nyuma yake ilikuwa tupu, na baiskeli ilikuwa nyepesi mno mikononi, ikirukaruka kwenye kila jiwe. Pale majani yalipokuwa mafupi alisikia changarawe zikilia. Vilima vilikuwa vile vile, vinapanda, vinashuka. Usambara ilikuwa mahali pake. Hakukutana na mtu.

Pale Kwemkole, kuta za udongo zilikuwa zimeanguka na miiba imeanza kupanda juu yake. Kaburi la mama yake alilikuta limefunikwa na magugu. Alilisafisha mpaka mikono ikachubuka, kisha akakaa, akangoja maneno yaje. Hayakuja. Siku zote msemaji alikuwa mwingine, na yeye alikuwa mtu wa kukaa kivulini na spoku zake. Alifikiria kusema habari za kijiji, nani kaoa, nani kagombana. Akafikiria kueleza kuhusu baiskeli, na majani, na neno lile la mwisho, "sawa", lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mama," alisema mwishowe, "alikuwa anakuja."

Akainuka, akashika baiskeli.

Jioni Zamda alimkuta ameketi uani, baiskeli imelala chini pembeni yake. Alimletea maji ya kunawa na uji, akakaa naye.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Njia iko?"

"Iko," Mdoe alisema. "Iko wazi kabisa, Zamda. Ningekwenda naye mbele kidogo tu, tungefika kwenye mchanga wa kijito. Majani hayaoti kwenye mchanga. Angeujua."

Zamda alichukua bakuli, akaupoza uji kwa kuumimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, kama anavyofanyiwa mgonjwa, kisha akampa.